Kuku wa Kienyeji Uani: Namna ya Kuwafuga kwa Njia za Asili

Kuku wa kienyeji mwenye afya hutaga mizunguko mitatu hivi kwa mwaka, kila mzunguko mayai 10 hadi 15, kisha huatamia na kutotoa mwenyewe bila mashine wala umeme. Kwa hesabu hiyo, mwenye mitetea watano angetarajia kuona vifaranga zaidi ya 100 kila mwaka. Hata hivyo, ukipita katika nyua nyingi za hapa Singida utamkuta mtu aliyekuwa na kuku wakubwa wanane miaka miwili iliyopita bado ana wanane, na pengine wamepungua. Mayai hayakukosekana, wala kuku hawakushindwa kutotoa. Vifaranga ndio wanaokwisha njiani: wengine huchukuliwa na mwewe, wengine hufa kwa baridi ya alfajiri, wengine hudhoofika kwa kukosa chakula wanachokiweza, na wachache wanaofikia kukomaa hukutwa na ugonjwa wa kideri mwishoni mwa kiangazi.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuatamisha, kulea vifaranga na kuzuia kideri, kuliko banda na aina za kuku. Nisemapo njia za asili sikusudii kuwafungulia kuku asubuhi na kuwasahau hadi jioni. Kuku anajua kuchakura, kuoga vumbi, kuatamia na kulea, na katika mambo hayo anatushinda sote. Hawezi, hata hivyo, kujijengea paa, kujitekea maji wakati wa kiangazi, wala kujikinga na maradhi yanayoletwa na kuku wa jirani. Hayo ndiyo yanayobaki mikononi mwa mfugaji, na akiyaacha hakuna kuku atakayemfanyia.

Kuku wa kuanza nao

Anza na mitetea watano hadi kumi na jogoo mmoja. Jogoo mmoja anatosha kwa majike kumi, na ukiweka wawili katika ua mdogo watapigana badala ya kupanda. Kuku wetu wana aina nyingi: wapo Ching'wekwe wenye umbo dogo, wapo Kuchi warefu wenye nyama nyingi lakini wakorofi na wasiotaga sana, na wapo Kishingo wasio na manyoya shingoni, ambao huvumilia joto vizuri. Chotara kama Kuroiler na Sasso hukua haraka, lakini majike yao kwa kawaida hayapendi kuatamia, na mfugaji asiye na kitotoleshi, yaani mashine ya kutotoa, akiwa nao peke yao atalazimika kununua vifaranga kila mara. Mtu anayetaka ufugaji ujiendeshe wenyewe uani ni bora ashike kuku wa kienyeji halisi.

Nunua kwa mtu unayemfahamu, ukauone ua wake na umwone mama wa kuku unayemtaka. Mwulize alitotoa wangapi mara ya mwisho na wangapi walikua, kwa sababu ulezi mzuri hupita kutoka kwa mama hadi kwa binti. Kisha mshike kuku mkononi: macho yawe maangavu, pua ziwe kavu, manyoya ya sehemu ya haja yawe safi, na ukifunua bawa usione chawa wakikimbia kwenye ngozi.

Banda

Kuku 15 wanatoshea katika banda la mita 2 kwa mita 1.5 ikiwa wanatoka nje mchana. Matofali ya tope, miti na udongo, nyasi au bati, vyote vinafaa, mradi mvua isiingie na hewa ipite. Sehemu ya chini ya ukuta izibwe ili upepo usiwapige kuku waliolala, na sehemu ya juu iwekwe wavu au fito zilizokaribiana kiasi cha kumzuia kicheche. Mlango uwe upande linakochomoza jua, ili banda likaushwe asubuhi.

Ndani weka fito za kulalia, unene wa mpini wa jembe, zikiwa zimelainishwa, na kila kuku apate sentimita 20 za kukaa. Fito zote ziwe katika kimo kimoja, kwa maana zikipishana kuku watagombania ya juu kila jioni. Viota vya sentimita 30 kila upande vinatosha, kimoja kwa mitetea wanne au watano, na viwe pembeni penye giza, kwa sababu mtetea hataki kuonekana anapotaga. Sakafuni tandaza pumba za mpunga, maranda au nyasi kavu zilizokatwakatwa, unene wa vidole vinne, uzigeuze kila wiki na kuziondoa mara zikilowa. Unyevu wa matandazo ndio unaoleta kuhara damu kwa vifaranga, na hakuna jani utakalowanywesha litakaloshinda sakafu iliyolowa.

Adui anayekaa ndani ya banda lenyewe ni utitiri. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta na maungio ya fito, usiku hutoka kunyonya damu. Nenda bandani saa tatu usiku na tochi, upitishe kitambaa cheupe chini ya fito, na kikitoka na madoadoa mekundu, umewakuta. Ziba nyufa kwa udongo uliokandwa na majivu, paka kuta chokaa, toa fito nje na uzimwagie maji yanayochemka. Kisha waandalie kuku mahali pa kuoga: shimo la kina kifupi chini ya paa, lijazwe mchanga mkavu na majivu ya jikoni sehemu sawa. Watajigaragaza humo kila siku bila kufundishwa, na vumbi hilo huwapunguzia chawa na utitiri mwilini. Viroboto wanaong'ang'ania kuzunguka macho na upanga wa kichwani hawatoki kwa majivu. Hao wapake mafuta ya kula au vaselini, wakose hewa na kuachia, lakini angalia mafuta yasiingie machoni.

Chakula na maji

Kuku mkubwa huhitaji gramu 100 hadi 130 za chakula kwa siku. Anayetembea hujipatia sehemu yake kwa kuchakura wadudu, mbegu na majani, na wakati wa mvua sehemu hiyo huwa kubwa kiasi kwamba nyongeza ya gramu 50 jioni inatosha. Kiangazi kikishika, wadudu hupotea na nyasi hukauka, na hapo nyongeza lazima iongezwe. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunawamwagia kuku makombo wakati wa mavuno kwa sababu yapo, na kuwanyima Oktoba kwa sababu hayapo, kisha tunashangaa kwa nini wameacha kutaga.

Mchanganyiko ninaoutumia kwa kilo 20 ni huu: mahindi au mtama uliobarazwa kilo 8, pumba za mahindi kilo 4 na nusu, mashudu ya alizeti kilo 4, dagaa waliosagwa kilo 2, unga wa majani nusu kilo, chokaa ya mifugo au unga wa mifupa iliyochomwa gramu 950, na chumvi gramu 50. Wanaoishi mbali na mashine za alizeti wanaweza kutumia mashudu ya pamba au ya ufuta wanayoyapata karibu, ingawa ya pamba yasizidi kiasi kidogo. Dagaa wapepetwe mchanga kwanza, na wakiwa wa chumvi, usitie chumvi nyingine. Chokaa ya kiasi hicho ni kwa ajili ya mitetea wanaotaga. Chakula cha vifaranga na kuku wanaokua kipunguziwe hadi robo yake.

Unga wa majani hupatikana kwa mlonge, mchicha au mti wa lusina, yakianikwa kivulini hadi yavunjike mkononi yangali na rangi ya kijani. Ukiyaanika juani yatageuka njano na kupoteza vitamini iliyokuwa sababu ya kuyatafuta. Lusina isizidi sehemu moja kati ya ishirini ya chakula, kwa kuwa ina sumu inayodumaza kuku ikizidi. Utaujua wema wa majani ukivunja yai: kiini kilichokuwa cheupe-cheupe kitakuwa cha rangi ya chungwa.

Kwa vifaranga hakuna chakula bora cha bure kuliko mchwa. Chukua chungu kikuukuu, ukijaze mabua makavu na kinyesi kikavu cha ng'ombe, unyunyize maji kidogo, kisha ukifunike kifudifudi juu ya tundu la mchwa ulilolifukua jioni. Asubuhi, kabla jua halijapasha chungu, kiinue haraka na kukikung'uta mbele ya vifaranga. Ukichelewa hadi saa nne mchwa watakuwa wamerudi ardhini na utabaki na mabua.

Nafaka yenye ukungu isiingie katika chungu cha kuku. Ipo desturi ya kusema kwamba mahindi yaliyoharibika ni ya kuku, na desturi hiyo ni mbaya. Sumukuvu haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2016 ilisababisha vifo vya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kuku naye humharibu ini, humpunguzia kinga na kumfanya ashindwe na maradhi ambayo angeyavumilia.

Maji yawe safi na yawepo siku nzima, kivulini. Kuku mmoja hunywa robo lita, na joto likizidi hufika nusu lita. Dumu lililotobolewa, likapinduliwa juu ya sahani, huzuia kuku kukanyaga na kunya ndani ya maji.

Kuatamisha mayai

Hapa ndipo mfugaji anapopata au kupoteza mwaka wake. Mtetea akianza kutaga, ondoa mayai kila jioni na umwachie moja tu kiotani ili asihame. Andika tarehe kwa penseli juu ya kila yai. Yahifadhi mahali pa baridi na giza, ncha nyembamba ikitazama chini, katika chungu chenye mchanga mkavu kilichowekwa chini ya mtungi wa maji, na usiyaweke zaidi ya siku kumi. Katika miezi ya joto, saba. Usiyaoshe, kwa sababu maji hupitisha uchafu kwenye vitundu vya ganda. Yai kubwa kupita kiasi, dogo sana, la duara, lenye ufa au ganda la kukwaruza, lipeleke jikoni.

Kuku mmoja wa kawaida hufunika mayai 10 hadi 13. Wengi huweka 18 kwa tamaa, na matokeo yake yote 18 hupoa kwa zamu, kwa maana kila anapoyageuza kuna yaliyo pembeni.

Jambo lililobadilisha ufugaji wangu ni kuwaatamisha mitetea kadhaa kwa siku moja. Mtetea wa kwanza anapoanza kulalia, ishara zake huwa wazi: anavimbisha manyoya, anatoa sauti ya kukoroma ukimkaribia, na hatoki kiotani hata usiku. Huyo mpe mayai viza mawili au matatu ayalalie, asiache hamu yake, hadi wa pili na wa tatu watakapokuwa tayari. Anaweza kungoja wiki moja hadi mbili bila madhara. Siku wote watatu wanapokuwa tayari, subiri giza liingie, uwapake majivu chini ya mabawa na kifuani, ubadilishe nyasi za viota na kutandika majani makavu ya mwarobaini chini yake, kisha uondoe viza na kuweka mayai mapya yenye tarehe za karibu. Siku ya 21 utapata vifaranga wengi wa umri mmoja, na hapo kuwalea ni kazi moja badala ya tatu.

Katika siku hizo 21 mtetea hutoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 20, kula, kunywa na kwenda haja. Mwekee chakula na maji hatua chache kutoka kiotani, asilazimike kwenda mbali. Asipotoka kabisa siku mbili mfululizo, mwondoe mwenyewe taratibu, uhakikishe hakuna yai lililonasa chini ya bawa.

Usiku wa siku ya saba, pima mayai. Zima taa, shika yai katikati ya kidole gumba na cha shahada, na ubandike tochi ndogo kwenye ncha pana, vidole vikiziba mwanga usivuje pembeni. Yai lenye uhai litaonyesha doa jeusi lenye mishipa myekundu inayotawanyika kama miguu ya buibui, na ukitulia kidogo utaliona doa hilo likitikisika. Yai lisilo na kitu litang'aa lote kama taa ya chemni. Yai lililokufa litaonyesha pete ya damu isiyo na matawi. Mawili hayo ya mwisho yaondoe, kwa sababu yakioza yanaweza kupasuka na kuchafua mayai mazima. Kama waatamiaji watatu wamebaki na mayai machache, yakusanye chini ya wawili na umpe wa tatu mayai mapya au umwache arudi kutaga.

Siku ya 20 utasikia vifaranga wakilia ndani ya maganda. Usiwasaidie kutoka. Kifaranga hupumzika saa nyingi baada ya kutoboa, akimalizia kunyonya damu na kiini, na ukimbandua ganda mapema atatoka damu na kufa. Waache chini ya mama hadi wakauke. Wana akiba ya kiini tumboni ya kuwatosha siku nzima na zaidi.

Wiki nane za kwanza

Usiku wa siku waliyokauka, unganisha vifaranga. Chagua mama aliye mpole na mwenye mwili mkubwa, umpenyezee vifaranga wa wenzake mmoja mmoja chini ya bawa gizani. Asubuhi atawaona wote kuwa wake. Mama mmoja hufunika vifaranga 20 hadi 25 vizuri. Wale waliopokonywa vifaranga wahamishie upande mwingine wa ua, wasisikie sauti, na baada ya wiki tatu au nne wengi wao wataanza kutaga tena, badala ya kukaa miezi miwili au mitatu wakitembeza watoto. Zipo nyumba zinazoona jambo hili ni ukatili. Mimi naliona afadhali kuliko kumwacha mama atembee na vifaranga kumi na kurudi na wawili.

Kwa mwezi wa kwanza, vifaranga wasitembee ovyo. Mfungie mama na wanawe katika chumba kidogo cha banda au chini ya tenga pana, na waotee jua la asubuhi chini ya tenga hilo hilo. Mwewe huwinda kuanzia saa tatu jua likishapanda, na kifaranga aliye mita kumi kutoka kwa mama hana wa kumwokoa. Mijini pwani, Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, kunguru ndiye anayemaliza vifaranga, yule mweusi mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19. Yeye haogopi mtu na hurudi mara nyingi kwa siku, kwa hiyo huko tenga au wavu wa juu si jambo la hiari.

Chakula cha vifaranga kiwe laini na chenye dagaa zaidi, na kiwe chao peke yao. Tengeneza kizuizi cha fito zilizoachana sentimita 5, uweke chakula nyuma yake. Vifaranga watapenya na mama atabaki nje na chake. Bila kizuizi hicho, mama na kuku wengine humaliza dagaa wote kwa dakika mbili. Maji yao yawekwe katika sahani yenye kokoto, ili kifaranga asizame, na ninasema hivyo kwa kuwa wengi huzama katika sahani za kawaida siku ya pili au ya tatu.

Ikiwa mama amekufa, walee katika kinengunengu: uzio wa duara wa mkeka au mbao laini, bila kona, kwa sababu katika kona hulaliana na kufa. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35, kisha lipungue nyuzi tatu kila wiki. Asiye na kipimajoto awatazame wenyewe: wakibanana pamoja wakilia wana baridi, wakijitenga na moto midomo wazi wana joto, wakitawanyika na kula wako sawa. Anayetumia chungu cha mkaa aufunike mkaa kwa majivu na ahakikishe chumba kina tundu la hewa juu, maana hewa ya mkaa huua vifaranga, na humwua hata anayelala nao.

Kideri, na mpaka wa miti-dawa

Katika mwaka wangu wa pili wa kufuga nilinunua jogoo mnadani, mzuri wa kutazama, nikamfungulia uani jioni ile ile. Siku ya nne alisimama peke yake kivulini, mabawa yakishuka, akivuta hewa kwa mdomo. Siku ya tano kinyesi chake kilikuwa cha kijani. Baada ya hapo mitetea walianza kuzunguka shingo zao kama wanaotafuta kitu mgongoni, na kabla ya wiki mbili kwisha nilikuwa nimezika 23 kati ya 31. Nilikuwa nimewanywesha shubiri mwitu, mwarobaini, pilipili kichaa na kitunguu saumu, vyote nilivyoambiwa na wazee, na nilivinywesha kwa moyo wote. Havikuokoa hata mmoja.

Ndiyo sababu nasema bila kusitasita: kideri, ambacho wengine huita mdondo, hakina tiba ya mti wala ya duka. Kinazuilika kwa chanjo, na chanjo haipingani na njia za asili, kwa kuwa kazi yake ni kuamsha kinga ya kuku mwenyewe. Chanjo inayofaa nyua zetu ni ile ya I-2. Ilibuniwa Australia, katika Chuo Kikuu cha Queensland, kwa ajili ya vijiji visivyo na jokofu, na hapa Tanzania inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, yenye makao yake Temeke, Dar es Salaam. Huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, ingawa jua huiharibu. Ibebe ikiwa imefungwa kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya kikapu.

Namna ya kuitoa ni rahisi. Msaidizi amshike kuku ubavu juu, nawe udondoshe tone moja katika jicho moja, usubiri apepese, kisha umwachie. Tone hilo hilo ni la kifaranga wa siku chache na la jogoo wa kilo tatu. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na usikose ile ya Julai, kwa sababu inatangulia miezi ya upepo mkavu ambayo kideri huzunguka zaidi. Chupa moja ina matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja na ikifunguliwa inapaswa kutumika siku hiyo, kwa hiyo panga na majirani mchanje pamoja. Kufanya hivyo kunakulinda zaidi, kwa maana kuku wako na wa jirani huchakura jalala moja. Chanja kuku wazima tu, alfajiri kabla hawajafunguliwa. Ugonjwa ukishaingia uani, chanjo huwa imechelewa.

Ndui nayo ina chanjo yake, inayochomwa kwenye ngozi ya bawa, na kwa maeneo yenye mbu wengi haifai kuiacha. Mwulize ofisa mifugo wa kata yako. Kuhusu miti-dawa, naendelea kuitumia pale ninapoona faida: mwarobaini kwenye viota dhidi ya utitiri, na kitunguu saumu kilichopondwa katika maji siku za baridi. Usiwape kuku dawa hizo muda mrefu, kwa kuwa maji machungu hupunguza unywaji, na kuku asiyekunywa hatagi. Tumbaku, ambayo wengine huwanywesha kuondoa minyoo, ni sumu, na kipimo kinachoua minyoo kiko karibu mno na kinachoua kuku.

Kuku akifa kwa ugonjwa, mchome au mfukie kina cha mkono mzima, mbwa wasimfukue. Usimchinje anayeumwa kwa kuokoa nyama, na usimpeleke mnadani, kwani ndivyo yule jogoo wangu alivyonifikia.

Kuchagua wa kubaki

Wakifika miezi mitano au sita, mapora, yaani majogoo machanga, wauzwe au waliwe, isipokuwa mmoja au wawili walio bora. Kwa upande wa matemba, yaani majike ambao hawajaanza kutaga, wabakize binti wa mama aliyelea vifaranga wengi zaidi, na hapo daftari lako la tarehe na idadi litakuwa na kazi. Usichague kwa rangi wala kwa ukubwa pekee.

Jogoo abadilishwe kila mwaka, kabla binti zake hawajaanza kutaga, ili asiwapande. Badilishaneni na mfugaji wa kijiji kingine aliyechanja kuku wake. Jogoo mgeni afungiwe mahali pa peke yake, upande ambao upepo hautoki kwake kwenda bandani, kwa siku 14 kamili. Mlishe yeye wa mwisho baada ya kuwahudumia kuku wako wote, unawe mikono na miguu kwa sabuni, na usitumie chombo chake kwa wengine. Mchanje siku anayofika ikiwa ni mzima. Siku ya 15, akiwa bado anawika na kinyesi chake ni kigumu chenye ncha nyeupe, mchukue usiku na umweke kwenye fito katikati ya mitetea, waamke wakimkuta.